Lenzi Tatu na Kamba Yenye Mafundo

Makambako hadi Dodoma

Tangu nirudi mmeniuliza habari za Mwanza kila mtu kwa wakati wake, na kila mtu nimempa kipande. Aliyenikuta kijiweni nilimsimulia samaki, aliyenikuta kanisani nikamsimulia bibi. Sasa mmelinganisha vipande na mnasema havikutani. Basi naandika yote, msome kwa kupokezana.

Safari ilianza na simu ya mama mdogo Perpetua, mjane wa baba mdogo Evarist. Baba mdogo alikuwa na studio ya picha pale Mirongo, katikati ya Mwanza. Nilipokuwa sekondari nilikaa kwake likizo zote, na yeye ndiye aliyenifundisha kushika kamera. Alipofariki nilikuwa Tunduma, nikafika msiba umeshaanuliwa, nikapiga goti kaburini, nikaondoka. Mnanijua. Sijawahi kuuzoea mji mmoja hadi ukanizoea.

"Fide," mama mdogo alisema kwenye simu, "njoo uchukue vioo vya baba yako mdogo. Mimi vimenishinda."

"Vimekushindaje, mama mdogo? Si vimekaa tu?"

"Ndiyo hivyo vinavyonishinda. Vimekaa."

Vioo ni lenzi zake tatu za kamera ya filamu, zile za kuzungusha kwa mkono. Filamu ya kuziwekea haipatikani tena kirahisi, lakini kuna pete ya chuma, adapta, inayofungwa kati ya lenzi ya zamani na kamera ya kidijitali, vikakubaliana. Nilishaipata, nikaitia mfuko wa shati, na kila baada ya muda nikawa naigusa kuhakikisha ipo.

Tuliondoka Makambako na ukungu wetu wa kawaida. Jirani yangu kwenye basi alikuwa mama wa makamo aliyepakata kikapu cha maparachichi ya kumpelekea mwanawe Dodoma. Baada ya Iringa akaiona ile pete, maana nilikuwa naizungusha vidoleni.

"Mwanangu, kumbe wewe fundi gesi?"

"Hapana, mama. Mimi napiga picha."

"Mimi jiko langu linavuja pale pale penye pete kama hiyo. Kila nikiwasha nasikia harufu."

Nikamweleza habari za lenzi, za kamera, za baba mdogo. Alisikiliza vizuri kabisa, akitikisa kichwa. Bwawa la Mtera likapita dirishani na maji yake ya rangi ya chai. Tulipokaribia Dodoma akanigusa mkono.

"Sasa hiyo pete ukishaifunga, unaikaza kwa mkono au kwa spana?"

"Kwa mkono tu, mama."

"Basi ndiyo maana langu linavuja. Yule aliyelifunga alikaza kwa spana." Akanipa maparachichi mawili kwa ushauri wangu. Naomba Mungu awe amemwita fundi wa kweli.

Dodoma hadi Nyegezi

Asubuhi nikapanda basi la pili. Hadi Singida hakuna la kusimulia isipokuwa alizeti. Tulipoanza kuteremka mlima Sekenke basi likatoa moshi wa maji, dereva akasogea pembeni, na tukashuka wote kukaa kwenye kivuli cha basi lenyewe. Kivuli kilikuwa kinasogea na sisi tukawa tunasogea nacho, matako kwa matako, kama watoto wa chekechea.

Abiria mmoja alikuwa na kuku wa kuchoma kwenye mfuko wa karatasi, kuku mzima, aliyemnunua Singida kwa ajili ya mkwewe huko Shinyanga. Saa zilivyopita tukawa tunamwangalia yule kuku. Mwishoni mwenyewe akasema, "Jamani, mkwe wangu hanijui, lakini nyinyi mmeshanijua," akamfungua. Nilipata bawa. Sijala bawa tamu kama lile.

Tulipovuka Nzega lugha ndani ya basi ilibadilika. Watu walipiga simu nyumbani kwa Kisukuma, kila simu ikianza na salamu ndefu, ya watu, ya ng'ombe, ya mvua, ndipo wakasema gari limeharibika. Kisha mawe yakaanza. Ukiona mawe yamepangana juu ya mawe kana kwamba kuna mtu aliyaweka akaenda kutafuta mengine, umeingia Mwanza. Tulishuka stendi ya Nyegezi jioni, na mama mdogo alikuwa amesimama pale pale, kitenge begani, mwembamba kuliko nilivyomwacha.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba. Umechelewa mpaka sato amepoa mara mbili."

Kiseke

Anaishi Kiseke, nyumba ya vyumba vitatu chini ya jabali kubwa. Nilikula sato wa kukaanga na ugali, nikalala, na asubuhi nikauliza lenzi ziko wapi. Nilidhani ataniambia kabatini. Akanipeleka nyuma, kwenye banda la kuku.

Sanduku la bati lilikuwa juu, kwenye ubao, limefunikwa na gunia, na kuku walikuwa wamelifanyia yale wanayoyafanya kuku.

"Mama mdogo! Vioo hivi vya kukaa na kuku?"

"Litoe wewe. Mimi siligusi."

Nililiosha, nikalifungua barazani. Lenzi ya kwanza, ile fupi ya kuingiza ukoo mzima kwenye picha, ilikuwa salama. Ya pili, ya milimita hamsini, ilikuwa safi kama siku aliyoiweka. Ya tatu, ndefu, ilikuwa imeliwa na ukungu wa ziwa: ndani ya kioo palikuwa na nyuzinyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Na chini ya zote palikuwa na kitambaa cheusi kimeviringwa.

"Hicho ndicho," mama mdogo alisema. Alikuwa amesimama mlangoni, hakukaribia.

Nikakifungua. Ndani palikuwa na kamba nyembamba, nyeusi, imepakwa kitu kama nta, na mafundo manne. Fundo moja lilikuwa limezungushiwa uzi mwekundu. Mwisho mmoja ulikuwa na kitanzi.

Sitawaficha: nami niliirudisha haraka kwenye kitambaa.

Ndipo akanisimulia. Baada ya arobaini ndugu walikuja kutoka Ukerewe kugawa vitu vya marehemu, kama desturi. Wakagawa suti, redio, baiskeli. Walipofungua sanduku na kuikuta ile kamba, kila mkono ulirudi kwa mwenyewe. Hakuna aliyeuliza. Katika miaka ya mwisho baba mdogo alikuwa amebadilika, alikuwa haendi kwao, akiandikiwa ujumbe hajibu, akisalimiwa barabarani anapita. Kwa kamba ile, wakapata sababu. Mtu amefungwa. Na mume anafungwa na nani kama siyo mkewe? Bibi Getruda, mama yake mzazi, alisema neno moja tu mbele ya watu wote: "Kumbe mwanangu alifungwa." Akainuka, akaondoka.

"Tangu siku hiyo sijakanyaga kisiwani," mama mdogo alisema. "Kaburi la mume wangu liko kule, Fide. Nyasi zake anang'oa mtu mwingine."

"Kwa nini hukuitupa?"

"Nikiitupa, watasema nimeficha. Nikikaa nayo, watasema naitumia. Ndiyo nikawapa kuku."

Nikajishughulisha na lenzi. Nilifunga adapta kwenye ile ya hamsini, nikaifunga kwenye kamera, nikawasha. Kamera ikakataa kupiga.

"Inasemaje?" mama mdogo aliuliza, maana nyuma ya kamera, kwenye skrini, palikuwa na maandishi.

"Inasema haina lenzi."

"Na hiyo uliyoibandika ni nini, chupa ya soda?"

Kamera za sasa huzungumza na lenzi kwa umeme, na lenzi ya baba mdogo haina la kujibu. Lazima uingie kwenye mipangilio uiambie kamera ipige hivyo hivyo. Nilifanya hivyo, nikamlenga mama mdogo pale mlangoni, nikazungusha pete taratibu hadi kope zake zikatoka kwenye ukungu. Au nilidhani zimetoka. Nilipoikuza picha, kope zilikuwa na ukungu, ila komeo la mlango nyuma yake lilikuwa safi kabisa. Nikarudia. Komeo tena. Nimevuka arobaini, macho yangu hayasomi tena karibu kama zamani, na mnajua ninavyoishika Biblia.

Ndipo nikatazama namba zilizochongwa ubavuni mwa lenzi. Mita moja. Moja na nusu. Mbili. Tatu. Namba nne zilizokwanguliwa rangi na kupakwa upya kwa mkono, kwa kalamu nyeupe, nene hadi kidole kinazihisi. Nikaitazama kamba.

"Mama mdogo, una futi ya fundi cherehani?"

Alikuwa nayo. Toka kitanzi hadi fundo la kwanza, mita moja. Hadi la pili, lenye uzi mwekundu, moja na nusu. Nilikuwa nimepiga magoti barazani, nikapima tena toka mwanzo.

"Ni ya kupimia," nilisema. "Kitanzi kinaingia hapa kwenye kishikio cha mkanda wa kamera. Anavuta kamba hadi usoni kwa mtu, anajua ni fundo gani, anazungusha lenzi kwenye namba hiyo. Nta ni ili isinyumbuke."

Mama mdogo hakufurahi kama nilivyotegemea. Alisema, "Evarist alikuwa mpiga picha wa miaka yote. Apime kwa kamba kwa nini? Si alikuwa na macho?"

Nikaiviringa kamba kwenye kitambaa chake, nikaitia begini.

Mirongo na Mkuyuni

Jibu lilikuwa Mirongo. Studio siku hizi inauza kava za simu, lakini kinyozi wa pembeni ni yule yule, Baba Neema, na kiti chake ni kile kile chenye plasta kwenye mkono. Nilimkuta anamnyoa mtu. Nilimwonyesha kamba.

"Ee! Kamba ya Evarist!" Akacheka, akaelekeza mashine kwenye pua yake. "Amenipima pua mimi kwa kamba hiyo sijui mara ngapi. Ananiambia, usicheke wewe, ukicheka pua inasogea."

"Kwa nini alipima?"

Baba Neema alizima mashine. Mteja akabaki na kichwa nusu.

"Macho yalikuwa yamemwishia, mwanangu. Akitoka hapo nje alikuwa hamjui mtu mpaka amsikie sauti. Akiandikiwa kitu, alinipa mimi nimsomee, na kama nina wateja alikitia mfukoni. Alinikataza kusema. Mteja akijua mpiga picha haoni, ataenda kwa nani?"

"Mkewe alijua?"

"Mke alikuwa Mkuyuni na biashara yake ya chakula tangu alfajiri. Jioni akirudi, Evarist yuko kwake, anajua kiti kilipo, anajua mlango ulipo. Mtu hakosei nyumbani kwake."

"Baba Neema, naambiwa msibani ulikuwepo. Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza habari za kamba?" Alinitazama kama mtu ninayemwonea. "Kwani imefanya nini?"

Nilipomwambia imefanya nini, alikaa kwenye benchi la wateja. Mwenye kichwa nusu alisema, "Fundi, mimi nina harusi."

Kutoka hapo nilikwenda Mkuyuni, kwa mafundi wa simu, kwa sababu skrubu moja ya adapta ilikuwa imelegea na lenzi ikawa inacheza. Fundi mmoja, jamaa mwenye ndevu na bisibisi sikioni, aliigeuza ile lenzi ya hamsini akaipenda.

"Bro, hii ina megapikseli ngapi?"

"Haina. Ni kioo na chuma tu."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Sasa inajuaje nani ni nani?" Nikamwambia haijui, lazima mtu aiambie. Akakaza skrubu, akanirudishia kwa mikono miwili.

Jioni nilimsimulia mama mdogo maneno ya kinyozi. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua hadi nilipomaliza, kisha nikaona anatoa chembe nzima nzima na kuacha mawe.

"Nilikuwa namwambia kila siku," alisema, "mbona hunitazami usoni?"

Melini kwenda Nansio

Kumshawishi kwenda Ukerewe kulinichukua siku kadhaa. Alisema niende peke yangu na kamba yangu. Alisema ana mafua. Alisema kuku watakula nini. Siku ya safari nilimkuta amekaa kitandani amevaa tayari, kiroba cha sukari na kitenge kipya miguuni, ananikasirikia kwa kuchelewa.

Meli iliondoka na magodoro, kreti za soda, na pikipiki moja mpya iliyofungwa kwa maboksi. Mama mdogo alikaa chini, ndani, hakutaka upepo. Mimi nilipanda juu na lenzi fupi. Ukiwa na lenzi ya mkono hukimbilii kitu. Kitu kikipita kimepita. Ndege weupe walikuwa wanatufuata na kila nilipomlenga mmoja alikuwa ameshakuwa mwingine. Mwishoni niliweka pete kwenye alama ya mbali kabisa, nikapiga maji tu na visiwa.

Niliposhuka ndani nilimkuta mama mdogo na mwanamke wa Nansio, bandari ya Ukerewe, wanakula machungwa.

"Huyu amenifahamu," mama mdogo alisema kwa sauti ndogo baada ya yule kuhama. "Amenipa machungwa, halafu akasikia naitwa nani, akahamia kule mbele."

Machungwa aliyaacha. Nilimenya moja nikampa, akala, na kipande kimoja alinirudishia mdomoni kama mtoto.

Kwa bibi

Bibi Getruda tulimkuta kwenye jabali lililo mbele ya nyumba, anageuza muhogo uliokuwa ukikauka. Amezeeka sana, lakini sauti haijazeeka.

"Mume wangu!" alinipigia kelele kabla sijasalimia. "Umeniacha na nani miaka yote hii? Nimeshachumbiwa na watatu."

"Shikamoo, mke wangu. Nimekuja na wivu wangu."

"Marahaba, marahaba. Umekonda. Huko kwenye baridi wanakulisha nini, majani ya chai?"

Mama mdogo alipiga magoti nyuma yangu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," bibi alisema, akageuza muhogo.

Hakuuliza habari za safari, wala za nyumbani. Ninyi mnajua salamu fupi inavyokuwa ndefu. Tulikula ugali wa muhogo na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kuchemsha, bibi na mimi ndani, mama mdogo nje na sahani yake. Nilijaribu kutoka kumfuata, bibi akanishika shati: "Kaa. Chakula hakihamishwi."

Usiku ule nililala vibaya. Asubuhi nilimwambia bibi kwamba nataka kumpiga picha kwa lenzi ya Evarist.

"Ya jeneza?"

"Bibi!"

"Usinifiche. Wajukuu wakija na kamera kwa mzee, wanamkalisha peke yake, wanamfunga kitambaa kizuri, wanamwambia tulia. Halafu picha haionekani tena mpaka siku wanaiweka juu ya sanduku. Yule jirani yangu alipigwa hivyo mwaka jana. Hakuwahi kuiona. Mimi tu ndiye niliyeiona."

"Hii utaiona leo leo."

Alikubali kukaa kwenye kigoda, penye mwanga. Nilifunga kamera kwenye miguu yake mitatu, nikafungua kitambaa cheusi, nikatoa kamba, nikatia kitanzi chake kwenye kamera.

Bibi aliinuka. Sikujua kuwa bado anaweza kuinuka kwa haraka namna ile.

"Hiyo imeingiaje kwangu?"

"Bibi, sikiliza, hii ni ya kupimia..."

"Imeingia na nani?" Hakumtazama mama mdogo, lakini sote tulijua alikokuwa anatazama.

Nilianza kueleza mita, namba, nta, na kila neno lilitoka kama uongo. Hapo mama mdogo akaja kutoka nyuma ya nyumba alikokuwa anaosha vyombo, mikono ina povu. Akaketi kwenye kile kigoda. Akachukua kamba mkononi mwangu, mara ya kwanza kuigusa, akaivuta hadi fundo lenye uzi mwekundu, akaliweka kwenye ncha ya pua yake.

"Nipige," alisema. "Usiangalie kwenye kamera. Mtazame mama."

Nikazungusha lenzi kwenye moja na nusu, kwa ile alama ya kalamu nyeupe. Aliachia kamba ikaanguka. Nikamgeukia bibi, nikamtazama machoni, na nikiwa namtazama nikabonyeza.

Kisha nikampelekea kamera, nikaikuza picha. Kope moja moja. Tone la povu shavuni. Machozi yaliyokuwa hayajaanguka.

Bibi aliishika kamera kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na uso.

"Hukuangalia," alisema.

"Sikuangalia, bibi. Na baba mdogo naye alikuwa haangalii. Alikuwa haoni. Miaka yake ya mwisho yote, watu aliwajua kwa sauti. Kinyozi wa Mirongo ndiye pekee aliyejua."

"Pale sokoni Mwanza alinipita," bibi alisema polepole. "Nilikwenda hospitali, nikamwona, nikasimama nimpokee. Akanipita hapa, kama hivi. Nilikuwa na uchungu sikumwita."

Jogoo alikuja kudonoa muhogo na hakuna aliyemfukuza.

"Hata mimi hakuniambia," bibi alisema.

"Hata mimi, mama," mama mdogo akajibu. Ilikuwa mara ya kwanza wanazungumza tangu salamu ile.

"Ulilala naye kitanda kimoja!"

"Wewe ulimzaa."

Nilifikiri yameharibika. Bibi alimkazia macho, kisha mdomo wake usio na meno ukaanza kutetemeka, na sikujua kama ni kicheko au kilio, na nadhani hata yeye hakujua. "Mtoto mwenye kiburi yule," alisema. "Alipokuwa mdogo alivunjika mkono akauficha chini ya shuka siku nzima. Perpetua, alikuwa anakuficha na wewe?"

"Alikuwa ananificha, mama."

"Njoo nikuone."

Mama mdogo alikwenda akapiga magoti, na bibi akamfuta povu shavuni kwa kiganja, kwa nguvu, kama anayefuta meza. Alisema kitu kwa Kikerewe. Sikukielewa chote na sitajaribu kukitafsiri. Nilijifanya nashughulika na skrubu.

Nilipowaomba nimalizie picha ya bibi, alikataa kukaa peke yake.

"Marehemu ndiye anayekaa peke yake kwenye picha. Mimi nakaa na mkwe wangu. Mkitaka kuweka hiyo juu ya sanduku langu, mtakuwa mmemzika na yeye."

Wakakaa kwenye benchi moja. Nikapima pua mbili, na zilitofautiana.

"Ya kwake imetangulia," nilisema.

"Ndiyo iliyomvuta mwanangu," bibi akasema, "hakuona kingine," na mama mdogo akacheka mpaka akaegemea bega lake. Nilibana tundu la mwanga la lenzi, maana likiwa dogo cha mbele na cha nyuma hutoka safi pamoja, nikabonyeza. Bibi ametoka mdomo wazi, jicho moja limefumba. Ndiyo picha mliyoiona kwangu ukutani.

Alasiri walikwenda kaburini wawili. Sikualikwa. Niliwaona tu kwa mbali wameinama, wanang'oa nyasi, kila mmoja upande wake, wakielekea katikati.

Kuondoka

Nilikwenda Nansio kusafisha picha, nikaileta kwenye fremu. Bibi aliitundika mwenyewe, mahali pa chini, ili aione akiwa amekaa. Majirani walikuja kuitazama, na kila aliyekuja aliambiwa habari za kamba mwanzo hadi mwisho, na akapimwa pua. Hata yule mwanamke wa kwenye meli alikuja. Alipimwa naye, na mama mdogo ndiye aliyeshika kamba.

Mama mdogo aliniambia vile vyumba vya Kiseke ni vingi kwa mtu mmoja, na Mirongo bado kuna watu wanaotaka picha za kweli. Nilifikiria. Kwa siku chache niliona kabisa kibao cha studio na jina langu. Halafu nikajikuta nauliza watu meli ya kesho inaondoka saa ngapi, na yeye akasikia, akaanza kunifungia samaki wakavu. Lenzi zote tatu alizitia kwenye begi langu, hata ile yenye utando. Kamba bibi alikataa kuitoa.

Bandarini walinisindikiza wote wawili. Bibi alitembea taratibu na kikapu chake, akisema anapitia sokoni.

"Mume wangu," aliniambia tulipofika, "nikifa usije."

"Bibi, usiseme hivyo."

"Nasema. Safari ni ndefu, basi linaharibika, utafika watu wameshakula wameondoka, kama ulivyofanya kwa Evarist. Utapiga goti kwenye udongo. Mimi udongo hautakuambia kitu. Umenikuta nacheka, umekula samaki wangu, umeniletea mkwe wangu. Hiyo ndiyo imekuwa buriani ya kwangu. Usirudi kuiharibu."

"Nikija je?"

"Nitakufukuza. Muulize Perpetua kama siwezi."

"Anaweza," mama mdogo alisema.

Nilimwahidi. Mnanijua kwamba ahadi za kubaki sizishiki, lakini hii ni ahadi ya kutokwenda, na nadhani nitaishika. Niliinama akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, kama mtu anayechagua tikiti, akaniachia. Mama mdogo alinikumbatia akaniambia nile samaki kabla hawajanukisha basi zima.

Meli ilipoanza kurudi nyuma nilikuwa juu, natafuta lenzi ndefu kwenye begi, ile ya utando. Nilipoinua uso hawakuwa wakinipungia. Walikuwa wameshageuka kuelekea sokoni, wanabishana juu ya kitu, na bibi, ambaye njia nzima hakumruhusu mtu kushika kikapu chake, alikuwa amempa mama mdogo akibebe.